Cheti cha bodi hakitoshi: wajenzi wa Simiyu waingie kwenye vyama vyao

Mwaka 2012 Simiyu ilipomegwa kutoka Shinyanga na kuwa mkoa unaojitegemea, Bariadi ililala mji wa wilaya ikaamka makao makuu ya mkoa. Tangu hapo kazi imekuwa ni kujenga. Zimeinuka ofisi za mkoa na za halmashauri, hospitali ya rufaa ya mkoa pale Nyaumata, na viwanja vya Nanenane vya Nyakabindi vilivyobeba maonyesho ya kitaifa miaka mitatu mfululizo kuanzia 2018. Lami imetoka Mwigumbi, ikapita Maswa na Bariadi hadi Lamadi. Reli ya kisasa ya Mwanza–Isaka inapita Malampaka, wilayani Maswa. Mradi wa kuvuta maji ya Ziwa Victoria, ambao Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliuidhinishia zaidi ya yuro milioni 100 mwaka 2017, umelenga wilaya zote tano za mkoa. Watu nao hawajasubiri: sensa ya 2012 ilihesabu wakazi 1,584,157, ya 2022 ikahesabu 2,140,497. Ongezeko la zaidi ya nusu milioni kwa miaka kumi ni madarasa, zahanati, visima na nyumba ambazo lazima mtu azijenge. Swali ni mtu huyo ni nani, na kazi ikiisha anabaki na nini mkononi.

Miradi mikubwa huchukuliwa na kampuni kubwa, na hilo halishangazi. La kushangaza ni kwamba hata kwenye miradi midogo, ile ya darasa moja, zahanati ya kijiji au kalvati la barabara ya kata, mjenzi wa Simiyu mara nyingi huambulia malipo ya nguvu zake tu. Maelezo yanayozoeleka ni mawili: wengine husema hana ujuzi wa kutosha, wengine husema hana mtu wa kumbeba huko juu. Yote mawili yana chembe ya ukweli, lakini yanaruka jambo la msingi. Mkandarasi mdogo na fundi wa mkoa huu huja mezani mmoja mmoja, wakati aliyekaa upande wa pili wa meza, yaani halmashauri, wakala wa barabara, benki au msambazaji wa saruji, huja kama taasisi. Hoja ya makala haya ni kwamba dawa ya hali hiyo imo ndani ya uwezo wa wajenzi wenyewe: wajiunge na vyama vya taaluma yao, wafungue matawi yenye uhai hapa mkoani, na wawaingize mafundi humo badala ya kuwaacha mlangoni.

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo wengi huvichanganya. Tanzania ina bodi na ina vyama. Mwaka 1997 Bunge lilipitisha sheria zilizounda mfumo tulio nao sasa wa usajili: Bodi ya Usajili wa Makandarasi (CRB), Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB), na bodi ya wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi (AQRB), ambayo sheria yake iliandikwa upya 2010. Kabla yake, mwaka 1979, lilikuwa limeundwa Baraza la Taifa la Ujenzi. Hivi ni vyombo vya serikali. Kazi yao ya kwanza ni kumlinda mwananchi dhidi ya mjenzi asiyefaa: kusajili, kukagua, kutoza faini na kufuta. Mkandarasi anaposema “mimi nina CRB” anasema ameruhusiwa kufanya kazi, basi. Chama ni kitu kingine. Chama cha Makandarasi Tanzania (CATA), chama cha makandarasi wa kazi za kihandisi (TACECA), Chama cha Makandarasi Wanawake (TWCA), Taasisi ya Wahandisi (IET) na vinginevyo ni vya wanachama wenyewe. Bodi haiwezi kumtetea mkandarasi aliyecheleweshewa malipo na halmashauri kwa bidii ile ile inayotumia kumkagua, kwa sababu haikuundwa kwa kazi hiyo. Anayeridhika na cheti cha bodi na kuacha chama amejipatia mwamuzi lakini hana timu.

Tuanze na fundi, kwa kuwa ndiye mwingi na ndiye aliye mbali zaidi na vyama hivyo. Oktoba 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wa shilingi trilioni 1.3 uliotokana na mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa kukabiliana na athari za UVIKO-19. Sehemu iliyoonekana zaidi vijijini ilikuwa madarasa 15,000, kila moja likitengewa shilingi milioni 20, na yakatakiwa kukamilika kabla ya shule kufunguliwa Januari 2022. Mengi yalijengwa kwa utaratibu wa fosi akaunti: kamati ya shule na kijiji inanunua vifaa, kamati nyingine inavipokea, na fundi wa karibu anapewa mkataba wa ufundi peke yake. Utaratibu huo uliendelea kwenye miradi iliyofuata ya shule na vituo vya afya. Uliokoa fedha, na ulipeleka kazi kwa mafundi ambao zabuni za kawaida zisingewafikia kamwe. Kwa hilo unastahili sifa.

Lakini tazama ulivyomwacha fundi mwenyewe. Bei ya ufundi hupangwa mezani na kamati, naye anaambiwa kwamba akikataa yupo mwingine. Hulipwa kwa hatua: msingi, kisha lenta, kisha kupaua, kisha plasta na sakafu. Saruji ikichelewa kufika saiti, siku zake za kukaa bure hazimo kwenye hesabu. Akianguka kutoka kwenye jukwaa la miti, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi 2015, unamtambua mfanyakazi mwenye mwajiri, na hapa ni shida kusema mwajiri wake ni nani. Jengo likipokelewa, hapewi barua inayosema fulani alisimamia ujenzi wa madarasa mawili, akayakamilisha kwa wakati na kwa ubora. Kazi inayofuata, katika kata ya jirani, anaanza upya kana kwamba hajawahi kushika mwiko. Amejenga darasa la serikali na hana ushahidi wa kulijenga. Katika dunia ya zabuni ushahidi huo ndio mtaji, na fundi mmoja hana njia ya kuudai. Chama chenye daftari la wanachama, kinachoandikisha kila kazi na kuomba barua ya ukamilishaji kwa niaba ya mwanachama, kinaweza.

Mkandarasi mdogo aliyesajiliwa yuko hatua moja mbele, ila naye amekwama. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 na kanuni zake zimepandisha hadi shilingi bilioni 50 kiwango cha kazi za ujenzi zinazotengwa kwa kampuni za Watanzania. Zabuni zote sasa zinapita kwenye mfumo wa kielektroniki wa NeST, na sheria inatenga asilimia 30 ya ununuzi kwa vikundi vya vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Kwenye karatasi mlango umefunguliwa. Anayepita mlangoni, hata hivyo, ni yule mwenye hesabu zilizokaguliwa, dhamana ya zabuni, orodha ya mitambo, wataalamu aliowaajiri na mtu anayejua kuingiza nyaraka kwenye mfumo kabla ya saa ya mwisho. CRB ina mfuko wa kuwasaidia makandarasi wadogo na wa kati kupata dhamana, na imekuwa ikihimiza waingie ubia. Ubia lakini haufungwi kwa kuhimizwa. Unafungwa na watu wanaojuana: nani ana greda linalotembea, nani hulipa madeni yake, nani alitelekeza kazi na kwa nini. Makandarasi wa Bariadi, Maswa na Meatu wasiokutana mara kwa mara watabaki kushindania kalvati, na bilioni 50 zitakwenda kwa waliozoeana Mwanza na Dar es Salaam.

Kuna pia suala la malipo. Kilio cha makandarasi kucheleweshewa fedha zao na taasisi za umma hurudiwa mwaka hadi mwaka kwenye mikutano ya sekta. Mikataba ya serikali ina vifungu vya riba kwa malipo yaliyochelewa, na mzabuni aliyeonewa ana haki ya kulalamika na hatimaye kwenda Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma, ilimradi awahi ndani ya siku chache zilizowekwa. Ni wangapi wenye kampuni ndogo wanathubutu? Anayeidai halmashauri riba mwezi huu anajua mwezi ujao ataomba kazi kwenye halmashauri hiyo hiyo. Kimya chake ni woga wa mtu mwenye watoto wa kulisha, si ujinga. Ndiyo maana barua ya madai inapaswa kuandikwa na chama: kwamba wanachama wetu kadhaa wana hati za malipo zilizopita muda, jumla yake ni kiasi hiki, tunaomba ratiba. Barua ya namna hiyo haina jina la mtu wa kuchukiwa, na mkurugenzi mwenye nia njema huitumia kudai fedha Hazina.

Haya yote yangekuwa hoja ya maslahi matupu kama taaluma yenyewe isingefaidika. Inafaidika, na mfano ulio karibu zaidi umo chini ya miguu yetu. Sehemu kubwa ya Simiyu ina udongo mweusi wa mbuga, ule ule unaomea pamba vizuri na unaotesa majengo. Mvua ikinyesha huvimba. Kiangazi kikikaza husinyaa na kupasuka nyufa ambazo mkono unazama. Msingi uliolazwa juu yake kwa kina kile kile kinachotosha kwenye luseni, udongo wa kichanga wa mwinuko, huinuliwa na kushushwa kila mwaka. Baada ya misimu michache ufa hutokea kwenye kona ya dirisha na kupanda mshazari hadi kwenye lenta, mlango unaanza kugoma kufunga, na sakafu inatengana na ukuta. Tiba inajulikana: kuondoa udongo mweusi hadi tabaka gumu, au kujaza moramu na kuishindilia tabaka kwa tabaka; kufunga mkanda wa zege wenye nondo chini na mwingine juu; kuzungushia jengo kibaraza na mfereji ili maji ya paa yasituame chini ya ukuta; na kutopanda mti mkubwa karibu.

Kila hatua ya tiba hiyo ina bei, na hapo ndipo taaluma inapokutana na maslahi. Shilingi milioni 20 za darasa zilikuwa milioni 20 kwenye mwamba na milioni 20 kwenye mbuga. Fundi aliyeona shimo la msingi la kijiji cha mbugani alijua fedha hizo hazitatosha, lakini hakuwa na mahali pa kulisemea. Alichoweza ni kupunguza kina cha msingi, au kupunguza nondo, au kukataa kazi. Ufa unaoonekana baadaye huandikwa jina lake. Chama cha wajenzi wa mkoa chenye wahandisi, mafundi sanifu na mafundi wa kawaida ndani yake kingeweza kufanya kitu ambacho hakuna mmoja wao anayekiweza peke yake: kukusanya rekodi za majengo yaliyopasuka na yaliyosimama, kuonyesha ni udongo gani na msingi gani, kisha kwenda kwa mhandisi wa halmashauri na hoja yenye takwimu kwamba darasa la mbugani liwe na ramani yake ya msingi na bajeti yake. Elimu hiyo ipo mkoani sasa hivi, imetawanyika vichwani mwa mafundi, na kila mmoja akizeeka anaondoka na yake.

Gharama ya kuiacha taaluma bila walinzi tunaijua kwa majina ya mitaa. Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilianguka na kuua watu 36. Novemba 2024 jengo la Kariakoo likaporomoka na kuua watu takriban 30. Bodi zote zilikuwapo. Mkaguzi hafiki kila saiti kila siku; anayefika ni fundi, na fundi mwenye chama cha kumtetea ana pa kuegemea anapokataa amri ya mwenye jengo ya kuondoa nguzo au kuongeza ghorofa. Kenya ilijifunza sehemu ya somo hili. Sheria yake ya 2011 iliyounda Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi iliipa kazi ya kusajili wajenzi wenye ujuzi na wasimamizi wa saiti, siyo makandarasi pekee. Kwetu njia iliyo karibu ni urasimishaji ujuzi unaofanywa na VETA pamoja na ofisi ya serikali yenye dhamana ya kazi, ambapo fundi aliyejifunzia mtaani hupimwa, huzibiwa mapengo na kupewa cheti. Mpango huo huenda kwa makundi. Mtahini anahitaji orodha ya watu, mahali pa kuwakuta na kazi ya kuwapimia. Mafundi 60 wa Itilima walio kwenye daftari la chama watafikiwa kabla ya mafundi 60 waliotapakaa vijiweni.

Pingamizi la kwanza na zito zaidi ni historia. Msomaji wa kanda hii ana haki ya kusema: vyama tumeviona. Shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria, lililoundwa 1955 na kuongozwa na Paul Bomani, lilikua hadi kuhesabiwa miongoni mwa ushirika mkubwa kabisa barani Afrika, na pamba ya Usukuma ndiyo iliyokuwa uti wake wa mgongo. Miaka kumi na moja baadaye, 1966, serikali iliunda kamati ya kuchunguza malalamiko dhidi ya ushirika nchini. 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa. Sheria ya 1982 ikavirudisha, lakini imani ya mkulima haikurudi nzima. Wanaoikumbuka pamba iliyokopwa bila malipo hawatatoa ada ya chama kwa haraka. Ila tuisome historia hiyo yote, pamoja na mwanzo wake. Ushirika wa pamba ulianzia kwenye mizani. Wakulima waliamini wanapunjwa kwenye upimaji, wakajipanga ili pamba yao ipimwe na watu wao. Ulikuwa na nguvu ulipokuwa na kazi moja ambayo kila mwanachama aliiona kwa macho yake. Ulidhoofika ulipopanuka kupita uwezo wa wanachama kuukagua, na serikali ilipoanza kuuendesha kutoka juu.

Somo kwa wajenzi, basi, ni kukiweka chama kidogo, chenye kazi inayoonekana na hesabu zinazosomwa. Kabla hata ya ushirika wa kisasa, vijana wa Usukuma walikuwa na umoja wa kulima kwa zamu chini ya kiongozi wao, nsumba ntale, na umoja huo haukuendeshwa kwa hotuba: asiyefika shambani alitozwa faini, aliyelimiwa alijua zamu yake ya kulima kwa mwenzake. Kanuni ilikuwa fupi na adhabu ilikuwa ya hakika. Tawi la makandarasi na mafundi la Bariadi linaweza kuanza kwa kazi tatu tu: daftari la wanachama na kazi zao, bei elekezi ya ufundi kwa kila hatua ya ujenzi, na kikao kimoja kila robo mwaka cha kujadili jengo moja lililoharibika mkoani, sababu yake na tiba yake. Likishindwa kazi tatu, lisipewe ya nne.

Pingamizi la pili ni kwamba vyama hivi ni vya Dar es Salaam na Dodoma, vya watu wa daraja la kwanza, na mkandarasi wa daraja la saba kutoka Meatu akienda huko atapiga makofi tu. Kwa kiasi kikubwa ndivyo ilivyo sasa. Lakini vimekuwa hivyo kwa sababu wa mikoani hawamo. Chama huongozwa na wanaohudhuria na kulipa, na ajenda yake hufuata shida zao. Mikoa ikikaa nje, chama kitazungumzia kodi ya mitambo mikubwa na kusahau malipo ya fosi akaunti, na hakutakuwa na wa kumlaumu. Ukubwa pia hauji siku ya kwanza. Taasisi ya Wahandisi Ujenzi ya London, ambayo leo ina sauti duniani kote, ilianzishwa 1818 na vijana wachache waliokutana kwenye mgahawa wa kahawa, wasio na jina wala fedha. Miaka miwili baadaye ndipo walipomwomba Thomas Telford, mjenzi mashuhuri wa barabara na madaraja, awe rais wao.

Pingamizi la tatu ni ada. Fundi anayelipwa kwa siku, na mwezi mwingine hana kazi, ataulizwaje mchango? Jibu la haki ni kwamba asitozwe kama mhandisi. Ada ya fundi iwe ndogo na ikatwe kazi inapopatikana, na kwa ada hiyo apate kitu kinachohesabika: kuingizwa kwenye kundi la urasimishaji ujuzi, kuandikishwa kwa pamoja kwenye uchangiaji wa NSSF ulio wazi kwa waliojiajiri, na kusaidiwa kujiunga na bima kadiri Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inavyotekelezwa. Na anayesita kukaa chama kimoja na washindani wake akumbuke kwamba mshindani wake halisi ni kampuni ya nje ya mkoa inayokuja na mafundi wake, mchanga ikiuchota hapa hapa, kuliko jirani yake wa Maswa anayeshindania naye choo cha shule.

Pingamizi la nne linatoka kwa mwananchi, na lisipuuzwe. Wajenzi wakikaa pamoja na kupanga bei, anayeumia si mwenye nyumba na mlipa kodi? Adam Smith aliliona hilo tangu 1776: watu wa kazi moja wakikutana ni rahisi mazungumzo yakaishia kwenye njama dhidi ya mnunuzi. Sheria yetu ya Ushindani ya 2003 inakataza washindani kupanga bei na kugawana zabuni, na chama kitakachofanya hivyo kwa makandarasi wake kinastahili kushitakiwa. Bei elekezi inayozungumzwa hapa ni ya ufundi, iwekwe wazi ubaoni, ijadiliwe na halmashauri yenyewe, na mtu abaki huru kuipunguza. Mwananchi pia apewe kitu kwa upande wake: chama kiwe na kamati ya malalamiko, na mwanachama aliyelipua kazi akatakiwa kuirudia akakataa, jina lake lifutwe daftarini hadharani. Chama kisichothubutu kumfukuza mtu hakitaaminiwa kinapomtetea mwingine.

Halmashauri sita za mkoa nazo zina la kufanya, na halihitaji fedha. Zikubali kutoa barua ya ukamilishaji kwa kila fundi aliyeongoza kazi ya fosi akaunti. Zichapishe kwenye mbao za matangazo za kata mpango wa ununuzi wa mwaka, kwa kuwa si kila fundi anaingia kwenye mfumo. Zikitaka maoni ya wajenzi, ziyatake kwa chama badala ya kumwita mkandarasi mmoja anayefahamika. Zisikianzishe chama wala kukichagulia viongozi. Tumeshaona mwisho wa ushirika ulioendeshwa kutoka ofisini.

Mabaraza ya madiwani hupitisha bajeti mwanzoni mwa mwaka, na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Anayekuja Agosti kulalamika kwamba milioni zilizotengwa hazitoshi msingi wa mbugani amechelewa kwa miezi sita. Wajenzi wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega wenye nia ya kweli wanapaswa kuwa na tawi, daftari na hoja yao ya kwanza iliyoandikwa kabla vikao hivyo havijakaa, na hoja hiyo iwe moja: gharama halisi ya kujenga darasa salama kwenye udongo wa mbuga wa Simiyu. Wakishinda hiyo, watoto watapata madarasa yasiyopasuka, mafundi watapata bei inayolingana na kazi, na hakuna atakayeuliza tena chama kina faida gani.